Linauzwa Kama Lilivyo

Pijo mia nne na nne, rangi ya maziwa yaliyokaa,
liko Chumbageni, nyuma ya nyumba, juu ya matofali.
Tairi limebaki moja, nalo ni la gari jingine.

Sitakudanganya, Semboja. Kaa nikutajie aibu zake
kabla hujazitafuta kwa bisibisi.
Sakafu upande wa dereva haipo:
ukikanyaga klachi unakanyaga Tanga.
Kabureta imo ndani ya ndoo, imelowekwa dizeli,
aliifungua fundi Kilua wa Barabara ya Kumi na Mbili
akasema anarudi baada ya Ijumaa;
hakusema Ijumaa ya mwaka gani.
Chumvi imelila polepole, kuanzia chini,
kama mgeni mwenye adabu anavyokula wali:
pembeni kwanza.

Kioo cha mbele kizima.
Saa ya dashibodi ukiitikisa
inakwambia saa nne kasorobo; asubuhi au usiku, chagua.
Na kadi ipo. Jina la baba, Mhina Sekidio,
karani wa mizani shamba la mkonge, Pongwe,
aliyepima marobota miaka thelathini na moja
na kidole chake hakikugusa sahani.

Juzi alikuja Mbwana wa vyuma chakavu.
Alilizunguka mara mbili, akaligonga ubavuni
kama anayenunua tikiti.
"Dada, hili si gari tena. Hizi ni kilo."
Akataja bei ya kilo moja, akapiga hesabu hewani.
Ilipita yako, Semboja, kwa laki mbili na ushee.
Na mimi paa linavuja juu ya kitanda,
bati nilizokwisha hesabu ni kumi na nane.

Nikasema, basi tuanze na mlango huu uliong'oka.
Akautundika. Kilo kumi na tatu.
Nikaingia ndani, nikatoka na jiwe la mizani la baba,
la kilo tano, lenye muhuri wa serikali,
nikalitia kwenye ndoano ileile.
Mshale ukasimama tatu na nusu.

Hatukugombana.
Alikunja vitu vyake taratibu,
kama mtu aliyetandika mkeka
kisha akaambiwa msiba uko nyumba ya pili.

Wewe umekuja na tochi, daftari, na nusu ya hela.
Umelala chini ya gari na suruali ya kazini.
Nimepika chai, imepoa, nimeipasha,
ndipo ukatoka, utando wa buibui nyusini.
Hukuniambia litapona.
Ulisema, "Mama, hii sakafu nitaikata yote."
Hapo nikakuamini.

Chukua. Nusu nyingine iletwe machungwa ya Muheza yakiuzwa;
ukikawia, shangazi yako namjua, na yeye ananijua.
Na likifufuka usije kunipigia honi mlangoni
eti nipande, nikumbuke.
Mimi magari hunitapisha tangu utoto.
Baba alijua; ndiyo maana ndani ya Pijo
hapakukosekana ndoo.
Ndiyo hiyohiyo yenye kabureta.
Kabureta nimekuuzia. Ndoo nirudishie.

*

Walilivuta Jumamosi kwa trekta la kukodi.
Watoto walilisindikiza hadi kwenye lami
wakarudi wakigombania kifuniko cha gurudumu.
Pale liliposimama pamebaki mstatili wa vumbi jepesi
lisiloguswa na mvua miaka kumi na tisa,
na kidirisha kidogo cheusi, ilipokuwa ikidondoka oili.

Usiku ikanyesha.
Bati zimefika tisa, bado hazijapigiliwa.
Nikapanga sufuria tatu kitandani, nikajikunja katikati,
nikausikiliza ule udongo huko nyuma ukinywa,
ukinywa tu, bila kipimo.

Tone la nne halikuwa na chombo.
Ndoo ingali Muheza.