Wa Kumi na Tisa

Theluji imeangusha nyaya; Ostrava giza.
Zdislava hatafuti mshumaa kwanza,
anapapasa kioo cha tangi: bado vuguvugu.
Analivika koti la mgodini la Bohumil,
lile asilothubutu kulifua miaka mitatu.

Pampu kimya.
Kila robo saa anateka maji kwa kikombe,
anayarudisha kwa kuyamimina toka juu,
yapate pumzi.

Tochi. Neoni wamejibanza pembeni,
mistari yao ya buluu imefifia
kama wino uliolowa.
Anahesabu: kumi na nane.
Anahesabu tena, midomo ikichezacheza.

Huyo hapo, nyuma ya jani, peke yake.

“Rudi kwa wenzako, mjinga wewe,”
anamwambia,
na sauti yake mwenyewe inamshtua:
tangu juzi hajasema na mtu.