Risiti za Mhina

Kopo la maziwa hili, nalitoa mkobani,
Lina risiti kamili, za miaka kumi ndani,
Za kaka aliye mbali, Mhina wa Ngamiani,
Mara moja mtozeni, ya pili ni kuonea.

Sikuja hapa kufura, kodi mimi silaumi,
Lami yetu Makorora, hailetwi na ulimi,
Wala dawa ya kuhara, haitoki kwa usemi,
Hilo nalijua mimi, nani atalikemea?

Yuko kule Uholanzi, afua watu mashuka,
Ya wodini kwa wazazi, mpaka kupambazuka,
Vidole havina ngozi, kwa sabuni vyababuka,
Mshahara hukatika, hata hajaupokea.

Hukatwa cha uzeeni, hukatwa na cha mabomba,
Uzee autamani, huku, anajenga nyumba,
Kule Pongwe, mkongeni, vitatu na nusu vyumba,
Hiyo nusu yatuomba, fungu linalopotea.

Barua ikawasili, yadai chake kipato,
Kilichochinjwa awali, kisu tena, tena moto!
Nilisoma mara mbili, kichwa kikapata joto,
Sijaona, hata ndoto, mchinjwa akirejea.

Hata kutuma kwenyewe, njiani nako hukata,
Nangoja laki nipewe, tisini ndiyo napata,
Saruji, kokoto, mawe, fundi bado anasita,
Kumi ninaitafuta, nani ameipokea?

Mwaka juzi, kwa kupenda, alituma kwa bahari,
Vya kuzalia vitanda, viwili, bado vizuri,
Zahanati vingekwenda, mkunga yuko tayari,
Wakasema, "Ya tajiri, mali ya kuneemea."

Ghala, miezi mitatu, kila siku ni malipo,
Tukachangishana watu, vikoba, hata mikopo,
Vikatoka, vina kutu, na gurudumu halipo,
Mkekani, papo hapo, pacha tulishapokea.

Kwenye kodi, ni mwenetu, kwenye kura, hana jina,
Akitaka shamba letu, huulizwa, "Kwenu China?"
Ndugu gani, huyu mtu, mchana mnamkana,
Usiku mwasukumana, mfuko kuugombea?

Mtoto wa Shekiondo, pasi yake karejesha,
Alishindwa na mwenendo, fomu zilivyomchosha,
Kiwanja kina uvundo, jirani taka hushusha,
Ya pili kulazimisha, ya kwanza ikapotea.

Afisa, shika, andika, sikujia makelele:
Kodi ikishakatika, ihesabiwe ya kule,
Ikiwa haijafika, aongeze, asilale,
Mkataba uwe mbele, wote kuutegemea.

Cha msaada, si faida, kisiitwe cha mtaji,
Na zitumwazo za ada, na panadoli, na uji,
Zipite bila ya shida, zifike kwa mhitaji,
Mkizidi uchotaji, kisima kitapotea.

Simuni jana kasema, "Sikimbii nchi yangu,
Kaburi la wetu mama, lanivuta kwa uchungu,
Ila viganja vyauma, wakate kwa haki fungu,
Sitaki niwe Mzungu, kwetu ndiko narejea."

Akazipanga risiti, moja moja, polepole,
Akaegemea kiti, "Sheria, dada, ni ile,
Mimi nimepewa cheti, sina kalamu ya kule,
Nitalipeleka mbele, kopo, utalingojea."

Nimetoka bila kopo, mkobani zipo hoja,
Ngamiani ndipo nipo, Ya Nane, Ya Tisa, yaja,
Barabara zote zipo, kila namba mara moja,
Kumi mbili ni kioja, sijapata kutembea.