Moshi

Nilianguka mwezi wa saba, asali imeiva,
kutoka juu ya mtundu, porini kule Ipole.
Kamba ilikuwa nzima. Tawi lilikuwa zima.
Mimi ndiye niliyekatika.

Shija alinipakia kwenye baiskeli kama mtumba wa tumbaku,
na kila mzizi wa njia ile
niliujua kwa jina lake.

Kitete wakanipiga picha.
Pingili mbili zimesagika. Daktari alizionyesha kwa ncha ya kalamu,
nyeupe, ndogo, kama punje za mahindi
ambazo kuku amezikataa.

Mfupa uliunga. Maumivu hayakupata habari hiyo.

Mimi ni mtu wa nyuki, nieleze kwa nyuki:
kundi limehamia hapa, chini ya mshipi.
Mchana linavuma tu, naweza kusalimia watu.
Usiku, nikijigeuza, linatoka lote.

Watu wanataka kuona jeraha. Sina.
"Mbona umenawiri, Baba Mhoja?"
Nikinyanyua shati, mgongo laini kama wa mtoto.
Mzinga nao, ukiutazama kwa nje, ni gome tu.

Basi nikapewa tramado.
Wiki mbili, alisema daktari, akaandika, akapiga mstari.
Sitaikashifu.
Siku ya kwanza nilifunga viatu vyangu mwenyewe,
nikakaa ukingoni mwa kitanda nikivitazama
kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi.

Moshi hauui nyuki. Kila mrina asali anajua.
Unawalevya, wanasahau kuuma,
nawe unapitisha mkono.
Ila moshi una kipimo. Ukizidi, asali inanuka.
Ukizidi tena, gome linashika moto,
nawe uko juu,
umejifunga kamba.

Wiki mbili zikawa miezi. Karatasi ya daktari iliisha;
duka la Kapela, karibu na stesheni, halikuuliza karatasi.
Bahasha ya kaki, jina la mgonjwa halikuandikwa.
Kimoja kikawa viwili kwa sababu kimoja kilianza kuchelewa.
Viwili vikawa vitatu kwa sababu…
sababu niliiuza pamoja na mbuzi.

Tumbo likafunga kama duka la aliyefiwa.
Nikamtuma Mhoja kwa Kapela saa ambazo wenzake wako darasani.
Hili naliandika polepole.

Kisha usiku wa mavuno:
vidonge vinne, na kibuyu cha wanzuki juu yake.
Kalunde anasema niliacha kuvuma.
Aliweka sikio kifuani pangu, kama niwekavyo mimi mzingani
kujua kama wamo au wamehama,
akahesabu: pumzi. Kimya. Kimya. Kimya. Kimya.
Pumzi.
Akanimwagia ndoo, akaniita jina la utotoni
ambalo hajawahi kulitamka tangu tuoane,
na Shija akaja tena na ile baiskeli.

Sista Nshoma hakunigombeza.
"Maumivu yako ni ya kweli," alisema,
nami, mtu mzima na mvi zangu, nikalia.
Akatikisa bahasha. "Na hii nayo ni ya kweli.
Hatuachi ghafla. Tunapunguza robo, tunangoja. Robo, tunangoja."

Miguu ilipiga mateke gizani kama punda wa mtu mwingine.
Jasho, kamasi, hasira juu ya kijiko kilichoanguka.

Sasa ni nusu, usiku, basi.
Asubuhi najinyoosha ukutani jinsi alivyonifundisha,
maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, kiunoni,
natembea hadi reli na kurudi.
Mhoja ndiye anayepanda. Mimi niko chini ya mti,
kazi yangu kusema: moshi unatosha, mwanangu, unatosha.

Vidonge vinakaa kwenye kopo la asali,
ufunguo wa sanduku pindoni mwa kanga ya Kalunde.
Usiku ananiuliza, "Yanauma?"
"Bado."
Nami namuuliza kama saa imefika.
Anageukia dirisha, anasikiliza treni ya Mpanda ikiondoka.
"Bado."