Mwezi wa Lumbesa

Umeme ulikatika Tandale nzima
Bi Tunu akiwa bado anafunga hesabu,
kidole juu ya deni la mtu wa Manzese.
Akanyanyua kichwa: "Nani kawasha taa kule?"

Ulikuwa mwezi,
umeketi juu ya ghorofa za Kariakoo,
wa manjano kama dengu zilizokobolewa,
umefura, umepitiliza mdomo wa gunia.
"Lumbesa hiyo," akasema Chaurembo mpagazi,
"watu wa vipimo wakiiona wanaikamata."
Wateja wakacheka.

Yeye hakucheka.
Miaka thelathini na moja na mizani
imemfundisha kutoliamini jicho lenye njaa.
Akachagua choroko moja,
akafumba jicho la kushoto,
akanyoosha mkono mpaka kiwiko kikalia,
na choroko ikaufunika mwezi,
wote, pamoja na ukingo.

Tukasubiri. Mbu wakala chakula chao.
Saa tano, mwezi uko juu ya bati letu,
mdogo, mweupe, sarafu iliyooshwa.
Choroko ile ile, mkono ule ule:
ikaufunika vile vile.

"Mmeona? Haujapungua hata punje.
Kule chini ulisimama na ghorofa na minara ya simu,
jicho likaanza biashara yake.
Huku juu hauna jirani."
(Kwa nini jicho lifanye hivyo,
wasomi wenyewe bado wanavutana.)

Hapo nikatoa yangu, ya darasani:
kwamba, shangazi, lumbesa ya kweli nayo ipo.
Njia ya mwezi si duara la sinia,
imebonyea kidogo,
na dunia haikukaa katikati.
Kuna usiku unatupitia karibu,
kuna usiku unatupitia mbali,
na tofauti yake ni Dar hadi Tunduma
mara hamsini na ushee.
Ukipevuka ukiwa karibu,
penye upana wa vibaba saba unapata vinane,
penye mwanga wa kumi, kumi na vitatu.
Choroko yako haina macho ya kuliona hilo.

Akanyamaza.
Si vibaba vilivyomshika, ni Tunduma.
Mwinjuma wake anaendesha lori huko,
huja mara mbili kwa mwaka,
na akija mlango unakuwa mfupi,
sufuria inakuwa ndogo,
kikohozi chake tu kinajaza uani,
mpaka majirani wanauliza mbona kijana kanenepa.

"Hajanenepa," akasema Bi Tunu,
wala si kwetu alikosemea.
"Kasogea tu."

Umeme ukarudi. Taa ya kwa Mama Sikitu
ikafuta nusu ya mbalamwezi ukutani,
redio ikaendelea na sentensi isiyo na mwanzo.
Bi Tunu akafungua gunia,
akairudisha choroko kwa wenzake,
akaifuta ile hesabu ya Manzese
akaanza upya.