Boriti Mbili Uani

Bi Semeni alikuja Jumanne na baiskeli ya kiume,
futi kamba shingoni kama fundi cherehani.
Hakuuliza habari za mguu.
Aliuliza choo kiko wapi.

Nikamwonyesha kwa kidole.
Akapima kizingiti: sentimita ishirini na mbili.
Akapima mlango. Akaandika. Akaomba maji, akanywa,
akasema, "Tutaanzia hapa,"
nami nikacheka kwa hasira, maana nilitaka mguu,
mguu wa plastiki unaovaa kiatu,
siyo mtu wa kunihesabia hatua za kwenda msalani.

Wa kulia ulibaki kwenye reli ya shamba,
chini ya behewa la majani ya mkonge,
mwezi ule mnyapara alipotaka mafungu zaidi.
Usiku unyayo usiokuwepo huniwasha.
Najikuna hewa.
Mke wangu Mwanakheri hugeuka,
akanikunia yeye, hewa ile ile,
bila neno, kisha hulala.

Fundi Kihiyo alileta boriti kutoka Pongwe,
akazifunga tatu tatu, akazilaza juu ya vigingi vya mkoko,
mistari miwili sambamba, kimo cha nyonga yangu,
akazipiga msasa, akazikagua kwa shavu lake.
Mkonge! nikasema. Hukuona mti mwingine?
"Mwepesi," akajibu, "na wa bure."
Sikuwa na hoja.

Basi nikafundishwa kusimama,
mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu.
"Beba uzito. Pumua. Moja."
Kwenye tatu niliona giza.
Wapangaji wa Makorora waliokuwa wakichambua mchicha
waliacha kuchambua.
Siku ya saba hakuna aliyeinua macho,
na hilo lilinifaa kuliko makofi.

Siku zisizo Jumanne
Mama Zubeda huanika kanga juu ya boriti.
Nikifika na magongo huniambia,
"Ngoja zikauke, nina shughuli jioni."
Nangoja. Ndiye pekee mtaani
anayenigombeza kama zamani.
Mjumbe wetu husalimu kupitia kwa Mwanakheri:
"Mgonjwa anaendeleaje?"
Nami niko mbele yake, natafuna muhogo.
Siumwi. Sijaumwa tangu Machi.

Kisha mradi ukaisha.
Semeni alikuja Jumamosi, siku isiyo yake,
kwa miguu, bila futi.
Ofisi imefungwa, alisema, na baiskeli wameichukua.
Jina langu lipo kwenye orodha ya Moshi,
namba sitini na moja.
Mwaka jana lilikuwa la ngapi?
"La sitini na nne."
Tukacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio,
na sikujua tena kama bado tunacheka.

Jumanne iliyofuata, saa tatu, hodi:
Mwantumu wa Mikanjuni, mwanawe mgongoni,
Mbwana, miaka sita, miguu imepishana kama mkasi.
Hakuambiwa kwamba mradi umeisha,
au aliambiwa akaamua kutosikia.
Ningefanyaje?
Nikaondoa kanga za watu.
Tukamweka mtoto katikati,
mama kamshika kiuno, mimi mbele juu ya magongo.
"Beba uzito," nikasema. "Pumua."
Sauti ilitoka na lafudhi ya Semeni, ya Lushoto kabisa,
nikaona haya kidogo.
Mbwana akashika. Akateleza. Akashika.
"Moja," nikasema.
"Mbili," akasema yeye,
ingawa mguu haukuwa umeondoka.
Sikumsahihisha.

Kizingiti cha choo bado ni sentimita ishirini na mbili.
Mwenye nyumba anasema atakivunja mvua zikipita.
Nimemuuliza: zipi.