Chupa Tatu, Barabara ya Saba

Nina chupa tatu juu ya tairi bovu
nililoligeuza meza, hapa Ngamiani.
Ya kwanza nzito, inavutika kama asali,
inanukia ndizi ambazo hazijapata kumea popote.
Hiyo ndiyo waipendayo mabwana harusi.
Ukipaka, tairi linawaka, unahesabu meno yako humo.
Lakini subiri gari liondoke:
Chumbageni halijafika,
milango imerukiwa madoadoa kama mtoto wa surua,
na vumbi la saruji la Pongwe linakuja kukaa,
limekaribishwa, limetandikiwa mkeka.

Ya pili nyeupe, nyepesi, mfano wa tui la pili.
Haina makuu. Unapaka, unangoja, unafuta,
mpira unabaki mweusi wa kawaida,
weusi wa kitu kilicholala vizuri usiku.
Watu huniuliza: "Ndiyo umemaliza?"
Ndiyo. Nimemaliza.

Ya tatu ni glisirini ya duka la dawa,
ya mipira ya milango peke yake,
ile inayonata jua likiwa utosini
ikabanduka kama plasta juu ya kidonda.
Matone manne kwenye kitambaa. Usizidishe.

Dizeli sitii. Oili chafu sitii.
Nilimwona Mgaza wa Makorora akipaka bampa lake dizeli:
siku mbili liling'aa kama samaki mbichi,
mwezi wa tatu likaota ngozi ya kenge.

Jumatano akaja Mwalimu Shemhilu
na Korola yake ya miaka kumi na tisa,
bampa limepauka kama magoti ya mtoto wa kipupwe,
chumvi ya Raskazone imezila kingo za madirisha.
"Mnunuzi anakuja saa kumi, anatoka Muheza.
Nipakie ile inayong'aa. Aingie mwenyewe."

Nikachuchumaa. Tairi la nyuma, la kushoto,
ubavuni lina nyufa, nyembamba, nyingi,
kama kisigino cha mkata mkonge.
Ukucha wangu ulizama.
Chupa ya kwanza ingezijaza zote.
Mwalimu angelipwa, mnunuzi angeondoka
na wanawe kiti cha nyuma, hadi kona za Amani.

Mama yangu angesema mficha uchi hazai.
Lakini mama hakupata kulipa kodi ya kibanda Barabara ya Saba.
Mkono ulishaigusa chupa, sisemi uongo.
Elfu kumi ni elfu kumi.

Nikachukua ile nyeupe.
Bampa likanywa mara ya kwanza, likanywa ya pili,
weusi ukarudi kidogo kidogo
kama mgonjwa anayeanza kuulizia uji.
Mipira ya milango ikanyamaza.
Matairi manne nikayapaka ubavu tu;
uso unaokanyaga lami haupakwi,
breki hazina urafiki na mafuta.
Nyufa zikabaki, nyeusi juu ya weusi,
za mwenye kutazama.

Mnunuzi alikuwa mwenye kutazama.
Alipitisha kidole gumba ubavuni,
akakigeuza juani: kikavu, safi.
Akapitisha tena. Kikasimama.
"Hili tairi, Mwalimu."
Bei ikashuka laki na ishirini, pale pale,
na Mwalimu ananitazama mimi, hatazami tairi.

Wiki mbili alipita upande wa pili wa barabara.
Ya tatu akaja akisukuma baiskeli
ya kijani, mipira ya mishikio imekuwa majivu.
Akaiegemeza ukutani. Salamu hakuna.
Akanyoosha kidevu kuelekea mezani:
"Hiyo ya maji."
Nikamuuliza kama anataka ing'ae.
Akakohoa, akatafuta pa kukaa.
"Mwanakombo, usinichokoze. Paka."