Wati Mia Tano na Hamsini

Kompyuta hii tuliinunua kwenye mnada wa ushirika,
ubavuni ina namba bado, ya rangi nyeupe.
Miaka kumi ilipiga hesabu za magunia,
haikuwahi kuulizwa lolote kuhusu nyasi.

Aidano, mdogo wangu, akataka nyasi.
Akataka gari lenye matope, mvua kwenye kioo,
na kivuli cha adui kikitangulia kona.
Akaagiza kadi ya picha Kariakoo, iliyokwishatumika;
ikashuka Masasi na basi la usiku
ndani ya boksi la sabuni, imeviringishwa fulana ya mtu.
Feni mbili. Nzito kama tofali.
"Shika, Dada," akasema, "shika uone,"
utadhani ni mtoto ametoka kuogeshwa.

Akaichomeka. Akabonyeza.
Taa iliwaka, ikajifikiria,
ikazima.
Akabonyeza tena. Ikatoka harufu
ya ganda la korosho likiungua,
na ndani ya nyumba hakuna aliyebangua.

Fundi Chilumba wa stendi alikuja, bisibisi mdomoni.
Akasoma kibandiko cha pawa saplai ya zamani,
akacheka kwa pua.
"Wati mia mbili na arobaini!
Umeoa, bwana, hujauliza bei ya unga."

Mwenye pesa nilikuwa mimi.
Malipo ya mnada wa pili yaliingia jana yake:
magunia sita, baada ya makato
na makato ya makato.
Nilikuwa nimeyapangia bati za jikoni, nane.
Nikamtazama Aidano. Hakuomba.
Alikuwa akiipangusa ile kadi kwa pindo la shati,
polepole, kama baba alivyoipangusa redio
siku za mechi, hata mechi za kufungwa.
Nikasema: bati nne zitatosha,
mvua ikija tutapikia upande mmoja.

Mtaka cha mvunguni, wanasema, sharti ainame.
Tuliinama watatu chini ya meza,
vichwa vikigongana, simu yenye tochi nimeing'ata mimi,
Chilumba akitaja pini kama anayeita mahudhurio:
ishirini na nne, hawa hapa; nane, hawa; sita, wako wapi sita?
Vumbi jekundu likatupiga chafya,
vumbi la ushirika, la korosho za watu
ambao wengine hadi leo hawajalipwa.

Tii.
Feni zikaamka moja baada ya nyingine.

Na nyasi.
Ziliyumba, kila jani kwa hiari yake.
Nikaomba nishike mimi. Aidano akanipa kwa wasiwasi,
akanionyesha kitufe cha mafuta.
Sikukibonyeza sana. Nilijikokota hadi kando ya barabara,
nikasimama. Wenzangu wakanipita wakiunguruma.
Nikatazama upepo ukipanda kilima
kisicho na mwenyewe, kisichodai palizi.

"Dada, umekuwa wa mwisho!"
"Najua."

Kisha umeme ukakatika.
Mtaa mzima, mpaka kule Mkomaindo.
Na gesi inatoka huku huku kwetu.
Gizani feni zilizunguka kidogo bado, zikilegea,
kama mtu anayemalizia sentensi
baada ya wasikilizaji kuondoka.
Chilumba alipapasa sakafuni akitafuta bisibisi.
Aidano akakohoa.
"Kuna kitu," akaanza, "kinaitwa yupiesi,
kinatunza umeme, si ghali sana..."

Nikamwambia akalale.
Nami nikalala chali, macho juu,
kwenye makuti yanayopitisha nyota tatu.
Bati nne, nikahesabu.
Tatu, je?